Namna Halmashauri ya Mji Mdogo Inavyoweza Kupima Bima ya Dhima na Fungu la Kujiandaa kwa Dharura

Katika msimu wa bajeti, nyaraka mbili hufika mezani pa madiwani karibu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni barua ya kampuni ya bima inayotaja ada ya mwaka ujao, ambayo mara nyingi imepanda, pamoja na tarehe ambayo bima ya sasa itakwisha. Ya pili ni ombi la fedha za kujiandaa kwa dharura: pampu, redio za mawasiliano, uzibuaji wa mitaro, mafunzo ya watumishi na zoezi la uokoaji. Barua ya bima ina tarehe ya mwisho, na ombi la maandalizi halina. Kwa sababu hiyo pekee, wala si kwa hoja yoyote ya maana, bima hulipiwa na maandalizi husogezwa hadi mwaka unaofuata, na mwaka huo ukifika husogezwa tena.

Mwongozo huu umeandikwa kwa madiwani, wakurugenzi, waweka hazina na wanasheria wa halmashauri ambazo hazina ofisi nzima ya kushughulikia masuala haya, na ambazo mara nyingi humtegemea mtumishi mmoja mwenye majukumu mengine matano. Msimamo wangu ni kwamba mambo haya mawili hayapaswi kupigiwa kura kama washindani. Ni uamuzi mmoja wenye pande mbili, na halmashauri inayonunua bima kwa uangalifu huweza kupata sehemu ya fedha za maandalizi ndani ya bima hiyohiyo.

Jueni kwanza kila fungu linalipa nini

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kuliko mengine yote ni la diwani kusema, kwa nia njema kabisa, kwamba mafuriko yakitokea mji hautapata shida kwa kuwa "tuna bima". Swali la kumuuliza ni: bima ipi? Bima ya dhima hulipa watu wengine pale wanapodai, na sheria ikakubali, kwamba halmashauri au mtumishi wake amewasababishia madhara kwa uzembe au kwa kutotimiza wajibu. Pia hulipa gharama za wakili wa kuitetea halmashauri dhidi ya dai hilo. Basi. Hailipi ukarabati wa jengo la halmashauri lililoingia maji, kwa kuwa hiyo ni kazi ya bima ya mali. Hailipi mafuta ya pampu zilizofanya kazi usiku tatu mfululizo, wala posho za watumishi waliokesha, wala mahema ya waliohamishwa. Na hata pale inapolipa, hulipa baada ya miezi au miaka ya barua, mashahidi na hukumu, ilhali maji huingia ndani ya nyumba kwa dakika.

Fungu la dharura nalo lina mipaka yake. Halimlipi mtu aliyevunjika mguu katika shimo la barabara ambalo lilikuwa limeripotiwa mara nne, wala halina uwezo wa kubeba hukumu moja kubwa ya mahakama bila kuangusha huduma nyingine zote. Kwa hiyo, kabla ya kujadili kiasi chochote cha fedha, mkurugenzi aandae ukurasa mmoja unaoeleza kwa maneno ya kawaida kila bima iliyopo inalipa nini na haigusi nini, na kila fungu la bajeti linaruhusiwa kutumika kwa jambo gani. Ukurasa huo usomwe kwa sauti mbele ya baraza. Nusu ya mabishano huisha hapo.

Tengenezeni orodha moja ya hatari

Hatua inayofuata ni kuorodhesha mahali ambapo mji unaweza kudhuru watu au kushindwa kuwasaidia. Anzeni na daftari la madai ya miaka mitano hadi kumi iliyopita, yakiwemo madai yaliyokataliwa na yale yaliyomalizwa kimyakimya kwa malipo madogo. Ongezeni daftari la malalamiko ya wananchi, taarifa za mhandisi, taarifa za mkaguzi wa ndani, na kumbukumbu za zimamoto. Kisha kaeni na watu wanaofanya kazi nje ya ofisi: madereva wa magari ya taka, mafundi wa maji, wasimamizi wa masoko na viwanja. Wao wanajua ni kalvati ipi huziba kila msimu wa mvua na ni mti upi umeoza ndani huku ukionekana mzima kwa nje.

Katika mji mdogo, vyanzo vya dhima havitofautiani sana na vya mji mkubwa: barabara na njia za waendao kwa miguu, miti, mitaro ya maji ya mvua, magari ya halmashauri, viwanja vya michezo vya watoto, masoko, majaa ya taka, vibali vya ujenzi, na maamuzi ya ajira yanayozua mashtaka ya uonevu. Kinachotofautiana ni uwezo wa kubeba pigo. Dai ambalo katika jiji lenye watu milioni moja lingekuwa mstari mdogo kwenye taarifa ya mwaka, katika mji wa watu elfu ishirini linaweza kula fedha zote za ukarabati wa barabara.

Karibu na kila jambo kwenye orodha, wekeni alama mbili: ya kwanza kama linaweza kuzaa dai dhidi ya halmashauri, na ya pili kama linahusika katika dharura. Mtaona kwamba mambo mengi hupata alama zote mbili. Mtaro uliojaa mchanga ni suala la maandalizi kabla ya mvua na ni suala la dhima baada ya mvua. Gari la zimamoto lenye breki mbovu, king'ora ambacho hakijajaribiwa kwa miaka mitatu, jengo la kukusanyia watu ambalo mlango wake wa dharura umefungwa kwa kufuli, yote ni vivyo hivyo. Mambo yenye alama mbili ndiyo yanayostahili fedha za kwanza, kwa kuwa kila shilingi, dola au yeni inayotumika hapo inafanya kazi mara mbili. Orodha hii ndiyo kiini cha kazi yote. Mkiifanya vibaya, hesabu zitakazofuata hazitakuwa na maana.

Someni mkataba wa bima kabla ya kutazama bei

Bima mbili zenye ada sawa zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Mwanasheria wa halmashauri, au wa kukodiwa kama hayupo, apewe mkataba mzima, si muhtasari wa dalali, na ajibu maswali yafuatayo kwa maandishi.

Swali la kwanza ni iwapo bima inatazama tarehe ya tukio au tarehe ya dai. Bima inayotazama tarehe ya tukio hulipa madhara yaliyotokea ndani ya kipindi cha bima, hata kama dai litaletwa miaka mingi baadaye. Bima inayotazama tarehe ya dai hulipa tu pale dai linapowasilishwa wakati bima ingali hai. Aina hii ya pili mara nyingi huwa nafuu katika miaka ya mwanzo, na ndiyo maana huvutia, lakini mji unaohamia kampuni nyingine bila kununua muda wa ziada wa kuripoti, au bila kuhakikisha kuwa kampuni mpya inakubali matukio ya nyuma, huacha pengo ambalo hakuna anayelijua mpaka barua ya wakili ifike. Nawasihi wasomaji wasiipite aya hii haraka. Pengo hilo ndilo huumiza zaidi halmashauri zinazobadilisha kampuni kila mwaka kwa kufuata bei ndogo.

Swali la pili ni vikomo. Kuna kikomo cha kila tukio na kuna kikomo cha jumla ya mwaka mzima, na matukio mawili makubwa katika mwaka mmoja yanaweza kumaliza cha pili kabla ya mwaka kwisha. Ulizeni pia kama gharama za mawakili zinakatwa ndani ya kikomo au zinalipwa juu yake. Zikikatwa ndani, kesi ndefu inaweza kula fedha ambazo zingemlipa mdai.

Swali la tatu ni mambo yaliyoondolewa. Uchafuzi wa mazingira huondolewa mara nyingi, jambo ambalo ni zito kwa mji wenye jaa la taka au mtambo wa majitaka. Madhara kwa wafanyakazi wenyewe kwa kawaida huhitaji bima yake. Magari huhitaji bima yake pia. Vitendo vya makusudi na faini za jinai havilipiwi. Hakikisheni pia kwamba watu wa kujitolea wanaoitwa wakati wa dharura wanahesabiwa miongoni mwa waliokingwa, kwa sababu mji mdogo hauwezi kuhamisha watu kutoka bondeni bila wao, na haifai kuwagundua kuwa wako nje ya bima siku ambayo mmoja wao amegonga mtu kwa gari.

La mwisho ni sharti la kutoa taarifa. Mikataba mingi hutaka kampuni ijulishwe mapema mara tukio linapotokea, hata kabla ya dai. Mteueni mtumishi mmoja kwa cheo chake, na msaidizi wake, kuwa na wajibu huo.

Pandisheni kiasi cha kujibebea, na mpeleke tofauti kwenye maandalizi

Hapa ndipo fedha hupatikana. Karibu kila mkataba una kiasi ambacho halmashauri hulipa yenyewe kwa kila dai kabla kampuni haijaanza kulipa, ambacho nitakiita kiasi cha kujibebea. Halmashauri nyingi hukiweka chini sana kwa sababu madiwani hawapendi kuona malipo ya madai madogo kwenye taarifa ya fedha. Lakini kulipa kampuni ili ishughulikie madai madogo yanayotabirika ni kununua kwa bei ghali kitu ambacho mngeweza kukilipa wenyewe, kwa kuwa ndani ya ada mna gharama za uendeshaji za kampuni, kamisheni ya dalali na faida.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme mapato ya ndani ya mji ni vipande 1,000 kwa mwaka, kipande kikiwa kipimo cha fedha cha kubuni. Katika miaka mitano kulikuwa na madai tisa: saba madogo, yote chini ya kipande kimoja kila moja na jumla yake vipande 4, na mawili makubwa, moja la vipande 3 na jingine la vipande 6. Kampuni inatoa bima yenye kiasi cha kujibebea cha kipande 1 kwa ada ya vipande 18 kwa mwaka, au yenye kiasi cha kujibebea cha vipande 4 kwa ada ya vipande 14. Katika mpango wa kwanza halmashauri ingelipa yenyewe vipande 4 vya madai madogo, pamoja na kipande 1 kwa kila dai kubwa, yaani vipande 6 kwa miaka mitano. Katika mpango wa pili ingelipa vipande 4 vya madai madogo, vipande 3 vya dai moja kubwa na vipande 4 vya jingine, yaani vipande 11. Mpango wa pili umeongeza mzigo wa madai kwa vipande 5, lakini umepunguza ada kwa vipande 20 katika kipindi hichohicho. Zinabaki vipande 15, au vipande 3 kila mwaka, ambavyo hapo awali vilikuwa vikienda kwa kampuni.

Vipande hivyo 3 visirudi kwenye mfuko mkuu. Azimio la baraza liseme wazi kwamba kimoja kinaingia kwenye akiba ya kulipia madai na viwili vinaingia kwenye fungu la maandalizi, na kwamba fungu hilo litatumika kwanza kwa mambo yenye alama mbili kwenye orodha. Bila azimio hilo, nafuu ya ada itamezwa na matumizi mengine kabla ya robo ya pili ya mwaka.

Kuna tahadhari mbili ambazo sitaki zipuuzwe. Miaka mitano ni muda mfupi, na historia tulivu inaweza kuwa bahati tu. Kwa hiyo mweka hazina ajaribu hesabu ya mwaka mbaya, kwa mfano madai makubwa matatu ndani ya miezi kumi na miwili, ambayo katika mfano wetu yangegharimu hadi vipande 12 kutoka mifukoni mwa halmashauri. Kama akiba haiwezi kubeba kiasi hicho, ama ombeni kampuni iweke ukomo wa jumla ya yale mtakayojibebea kwa mwaka, ama msipandishe mpaka akiba ikue. Tahadhari ya pili ni kwamba kiasi cha kujibebea kinaweza kupandishwa bila hatari kubwa, lakini kikomo cha juu cha fidia hakipaswi kushushwa ili kupata nafuu ya ada. Sababu ya mji mdogo kununua bima ni dai lile moja ambalo lingeufilisi.

Wale wanaofanya kazi kwa niaba yenu

Tarehe 6 Julai 2013, treni iliyobeba mafuta ghafi iliacha reli katikati ya mji mdogo wa Lac-Mégantic, nchini Kanada, ikalipuka na kuua watu 47. Kampuni ya reli iliyohusika ilikuwa na bima ya dhima ya dola milioni 25 za Kanada, kiasi kisichokaribia hata kidogo madhara yaliyotokea, na baada ya muda mfupi ikafilisika na kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Mji haukuwa mwenye treni, lakini mji ndio uliobaki na majivu.

Ni kweli kwamba halmashauri ndogo haina mamlaka juu ya kila anayepita na mzigo hatari. Inayo mamlaka, hata hivyo, juu ya wakandarasi wake, waendeshaji wa masoko na vituo vya mabasi, waandaaji wa mikutano mikubwa, na wote wanaoomba kibali cha kutumia ardhi ya umma. Kila mkataba utaje kiwango cha chini cha bima, utake halmashauri iongezwe kama mwenye kukingwa, na utake uthibitisho kutoka kwa kampuni ya bima yenyewe badala ya nakala iliyoletwa na mkandarasi. Afisa manunuzi asitoe malipo ya kwanza kabla uthibitisho huo haujafika. Jambo hili haligharimu halmashauri karibu chochote, na inasikitisha kuona linavyosahaulika.

Fungu la dharura: mifuko miwili, si mmoja

Fedha za maandalizi na fedha za kukabiliana na tukio zisichanganywe. Zikikaa mahali pamoja, jambo moja kati ya mawili hutokea: ama fedha zote hununua vifaa na siku ya tukio hakuna cha kununulia mafuta, ama zote hulindwa kwa ajili ya tukio na mwaka baada ya mwaka hakuna kinachofanyika kuzuia madhara. Ufilipino iliweka mgawanyo huu kwenye sheria yake ya maafa ya mwaka 2010: serikali za mitaa hutenga si chini ya asilimia 5 ya makadirio ya mapato yao ya kawaida, na asilimia 30 ya fungu hilo huwekwa kando kwa ajili ya kuchukua hatua za haraka, wakati sehemu inayobaki hutumika kwa kinga na maandalizi. Si lazima mji wenu ufuate viwango hivyo, na huenda sheria ya nchi yenu ina vyake, lakini muundo wa mifuko miwili yenye ukuta katikati ni wa kuigwa.

Katika mfuko wa maandalizi, nashauri fedha zianzie kwenye vitu visivyovutia macho. Uzibuaji wa mitaro kabla ya msimu. Orodha ya simu inayohakikiwa kila miezi mitatu. Namna ya pili ya kuwapa watu tahadhari pale umeme na mtandao wa simu vinapokatika. Mikataba iliyosainiwa mapema na wenye magari, mafuta na majengo ya kupokelea watu, yenye bei zilizokubaliwa, ili usiku wa tukio asiwepo mtu anayetafuta nukuu tatu za bei. Mikataba ya kusaidiana na miji jirani, ikieleza nani atalipa nini na bima ya nani itamkinga mtumishi aliyeazimwa. Baada ya hayo ndipo vinunuliwe vifaa vikubwa, na kila kifaa kiingie kwenye bajeti pamoja na matengenezo yake ya miaka yote ya kukitumia. Jenereta lisilowashwa kila mwezi, kwa uzoefu wangu, huwa halina maana siku linapohitajika.

Diwani atauliza kama fedha hizi zinarudi. Taasisi ya Kitaifa ya Sayansi za Ujenzi ya Marekani, katika taarifa yake ya mwaka 2019, ilikadiria kwamba kila dola 1 ya ruzuku za serikali kuu ya nchi hiyo kwa kazi za kupunguza madhara ya majanga iliokoa dola 6. Takwimu hiyo ni wastani wa nchi nzima kwa kazi za aina mbalimbali, hivyo mkurugenzi asiiahidi kwa baraza kama faida ya mtaro mmoja. Inatosha kuonyesha kwamba mwelekeo ni wa kuokoa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa kijiji cha Fudai, kaskazini mashariki mwa Japani, kilichokuwa na watu wapatao 3,000 mwaka 2011. Kiongozi wake kwa miongo minne, Kotoku Wamura, alikuwa ameona wimbi la tsunami la 1933, na akashikilia kwamba ukuta na lango la kuzuia bahari lazima vifike mita 15.5. Wengi waliona urefu huo ni ufujaji. Lango lilikamilika mwaka 1984 kwa gharama ya yeni zaidi ya bilioni 3.5, fedha nyingi mno kwa kijiji cha wavuvi, ingawa hazikutoka katika mfuko wa kijiji peke yake. Wamura alifariki bila kuona kazi yake ikijaribiwa. Tarehe 11 Machi 2011 bahari ilikuja, maji kiasi yakapita juu ya lango bila kuleta madhara makubwa, na nyumba zilizokuwa nyuma yake zikabaki zimesimama, wakati miji mingi ya pwani hiyo ilifutika. Hakuna mkataba wowote wa bima ambao ungewarudishia wanakijiji wale kile ambacho lango liliwaachia. Jambo la kujifunza kwa mwenye kuandika bajeti ni chanzo cha urefu ule: Wamura alitumia kumbukumbu za mawimbi yaliyowahi kufika kijijini, hakutumia kiasi kilichosalia kwenye kasma, yaani fungu la bajeti.

Kumbukumbu za maandishi ndizo zinazounganisha pande mbili

Usiku wa tarehe 28 Februari 2010, dhoruba iliyopewa jina Xynthia ilivunja kinga za bahari katika mji mdogo wa La Faute-sur-Mer, Ufaransa, na watu 29 wakafa, wengi wao wakiwa usingizini katika nyumba zilizojengwa kwenye eneo la chini. Mwaka 2014 mahakama ilimhukumu aliyekuwa meya kifungo cha miaka 4. Mahakama ya rufaa mwaka 2016 ikapunguza hadi miaka 2 ya kifungo kilichosimamishwa. Kilichomtia hatiani hakikuwa dhoruba. Ilikuwa ni kwamba hatari ilijulikana, na wakazi hawakuarifiwa, na mpango wa kuwaokoa haukuwepo. Huo ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba kutojiandaa ni dhima yenyewe, na hukumu ya aina hiyo haiwezi kukabidhiwa kwa kampuni ya bima.

Kwa hiyo kila kazi ya maandalizi iache alama kwenye karatasi: tarehe ya kuzibua mtaro na picha yake, majina ya vyeo vilivyohudhuria zoezi, kasoro zilizoonekana na tarehe ya kuzirekebisha, matangazo yaliyotolewa kwa wakazi wa maeneo hatari. Pale baraza linapokosa fedha za kurekebisha hatari fulani, muhtasari wa kikao useme hatari gani ilitangulizwa, ipi ilisogezwa, na kwa sababu gani. Baadhi ya madiwani huogopa kwamba kuandika kasoro ni kumpa mdai silaha. Mwanasheria awashauri kulingana na sheria za nchi yao, lakini kwa ujumla halmashauri inayoonyesha kwamba ilijua, ilipanga na ilikuwa ikitekeleza hatua kwa hatua husimama vizuri zaidi kuliko ile isiyo na karatasi hata moja, au ile iliyojua ikanyamaza.

Faili hilohilo ndilo la kupeleka kwa kampuni ya bima. Msisubiri barua ya ada. Anzeni mazungumzo miezi minne kabla ya bima kwisha, mpeleke kumbukumbu za matengenezo, mazoezi na madai yaliyopungua, na muulize ni hatua zipi zingepunguza ada au kulegeza sharti fulani. Nchini Marekani upo mpango wa taifa wa bima ya mafuriko ambao, tangu 1990, huwapunguzia ada wakazi wa miji iliyochukua hatua za kinga, kwa ngazi za asilimia 5 hadi kufikia asilimia 45. Kampuni za bima ya dhima hazina jedwali lililo wazi namna hiyo, lakini mthamini wao anayepanga ada naye huhitaji sababu ya kuandika bei ndogo, na sababu hiyo lazima mumpe ninyi.

Kinyume chake pia kipo. Mwaka 2010 mji wa Maywood, jimbo la California, ulipoteza bima yake ya dhima na ile ya fidia kwa wafanyakazi baada ya madai mengi, na baraza likaamua kuwaachisha kazi watumishi wote wa mji na kukabidhi ulinzi kwa polisi wa kaunti. Bima si haki ya kudumu. Kampuni inaweza kuondoka, na soko zima linaweza kukauka kwa wakati mmoja, kama lilivyofanya nchini humo katikati ya miaka ya 1980, hali iliyofanya miji mingi iunde mifuko ya pamoja ya kukingana. Kama ipo miji jirani yenye ukubwa kama wenu, mfuko wa namna hiyo unastahili kuchunguzwa, mradi taarifa zake za fedha zikaguliwe, uwe na bima mtawanyo, yaani bima ambayo mfuko wenyewe hununua kwa kampuni nyingine, kwa hasara kubwa, na mkataba wake useme wazi iwapo wanachama wanaweza kudaiwa michango ya nyongeza katika mwaka mbaya.

Kuupeleka uamuzi kwenye kikao

Kamati ya fedha ilete hoja moja yenye sehemu tatu, ambazo haziruhusiwi kutenganishwa wakati wa kura: kikomo na kiasi cha kujibebea cha bima ya dhima, kiasi kinachoingia kwenye akiba ya madai, na kiasi kinachoingia kwenye kila mfuko wa dharura. Diwani anayetaka kupunguza sehemu moja aonyeshe kwenye hoja yake ni jambo gani katika orodha ya hatari litabaki bila kushughulikiwa, na jina la jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari.

Azimio litaje pia tarehe mbili baada ya kupitishwa. Ya kwanza, mwezi mmoja kabla ya msimu wa hatari unaojulikana, ambapo mhandisi na mkuu wa zimamoto watalieleza baraza ni mambo gani yenye alama mbili yamekamilika na ni yapi bado. Ya pili, miezi minne kabla ya bima kwisha, ambapo mwanasheria ataleta mkataba pamoja na daftari la madai lililosahihishwa. Katibu aziingize tarehe zote mbili kwenye ratiba ya vikao siku hiyohiyo, kabla madiwani hawajatawanyika.